Okidi za majani ya vito ndani ya nyumba yenye joto la Tanga: mwongozo kamili kuanzia kipande cha shina

Kuna mmea sebuleni kwangu hapa Makorora kila mgeni akiingia lazima ausogelee. Na sio kwa ajili ya maua, maana sehemu kubwa ya mwaka hauna ua hata moja, ni majani tu. Jani lina rangi ya zabibu iliyoiva sana karibu na weusi, ukiligusa laini kama kitambaa cha mahameli, afu juu yake imepita mistari myembamba ya rangi ya shaba kutoka shinani mpaka nchani kama mtu kakaa na kalamu akaichora mmoja mmoja, na ukipiga tochi ya simu kwa ubavu ile mistari inametameta. Ukiligeuza, chini ni jekundu la damu ya mzee. Ndo Ludisia discolor hiyo, okidi ya majani, ukitaka kuitafuta mtandaoni andika jewel orchid utaziona zote na ndugu zake.

Watu wengi wakisikia okidi wanadhani ni ile ya kwenye hoteli yenye maua makubwa meupe inayoning'inia kwenye gome. Hizi ni tofauti. Okidi nyingi zinakaa juu ya miti, hizi zinatambaa chini msituni, kwenye majani makavu yaliyooza, chini ya kivuli cha miti mikubwa huko kusini mwa China, Vietnam, Thailand, Malaysia mpaka Indonesia. Ukilishika hilo kichwani karibu kila kitu ntakachosema huko mbele utakielewa chenyewe, yaani kivuli, unyevu, hewa inayopita, na mizizi iliyokaa juujuu kwenye kitu chepesi sio udongo mzito.

Sasa shida iko hapa. Maelekezo karibu yote mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao wanapigana na baridi na ukavu wa hewa, kwa hiyo watakwambia funika, pasha joto, nyunyizia maji, weka kwenye chupa. Sisi Tanga joto tunalo na unyevu wa hewani tunao wa kumwaga, bahari hiyo hapo. Huku kwetu huu mmea haufi kwa kiu wala kwa baridi, unakufa kwa kuoza. Mimi wa kwanza niliuweka kwenye jagi la kioo lenye mfuniko kama nilivyosoma, mwezi wa pili, ule msimu wa joto lenyewe, siku ya sita nafungua mfuniko harufu imenipiga, shina limekuwa kama ute wa bamia, majani mazima yanaelea juu yake. Nililia kwakweli, nilikuwa nimeungoja miezi. Kwa hiyo chochote utakachosoma kwingine jiulize kwanza, huyu anaandikia nyumba ya wapi?

Uanze na upi

Anza na Ludisia, usibishane. Ndo ngumu kufa kuliko zote, inakubali hewa ya kawaida ya chumba cha Tanga bila kufunikwa, na ukikata kipande kinaota. Ndugu zake ni wazuri mpaka unashangaa, Macodes petola ina jani la kijani lenye michirizi kama radi ya dhahabu, Anoectochilus ina wavu mwembamba kama wa samaki, Dossinia marmorata ya kisiwa cha Borneo ina jani nene pana, Goodyera ziko aina nyingi na nyingine zinaota mpaka Marekani kwenye baridi kali. Ila hizo, hasa Macodes na Anoectochilus, zinataka unyevu mwingi zaidi na uthabiti, hazina msamaha ukikosea. Kaa na Ludisia mwaka mzima kwanza, jifunze mkono wako unamwagaje maji.

Kuupata

Njia nzuri kuliko zote ni kipande kutoka kwa mtu anayeufuga tayari. Ukiagiza nje ya nchi ujue okidi zote duniani ziko kwenye mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe, na mmea wowote unaoingia unataka kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, huku kwetu wanaoshughulika na mimea ni TPHPA, ile Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Usipitishe kwenye begi kimyakimya, unaweza ukatuletea mdudu akamaliza mashamba ya watu. Na usipande mlimani Amani ukang'oa okidi ya msituni kwa sababu umeona jani zuri. Ile ni hifadhi, na ua la msituni ukilileta mjini kwenye joto halimalizi miezi miwili.

Wangu wa pili niliununua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, ulikaa njiani siku tisa ndani ya boksi umeviringwa tishu zilizolowa chapachapa. Nilipofungua majani yalikuwa kama mchicha uliochemka. Ila kwenye lile shina palibaki kipande kama urefu wa kidole cha mwisho, kigumu bado, na hichi kipande ndo mama wa vyungu vyote kumi na moja nilivyonavyo leo. Kwa hiyo ukipokea mzigo wa namna hiyo usitupe kabla hujabinya shina lote kwa vidole, kipande baada ya kipande.

Makumbi, hapa usikimbie

Huko kwao wanatumia ukoga mkavu unaoitwa sfagnamu na mawe meupe ya perlaiti. Huku ni ghali na ni shida kupata, na hatuna haja navyo, sisi ni watu wa nazi. Makumbi yanashika maji na yanaacha hewa ipite, ni kitu bora sana kwa hii mizizi. Lakini kuna mtego, na ulinigharimu.

Nilienda kijiji kimoja upande wa Tongoni kutafuta makumbi, nikamkuta mama mtu mzima kakaa mkekani anasuka kamba ya usumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Ahsante mama. Naomba uniuzie makumbi ya kupandia maua."

Akanitazama, akashika rundo lililokuwa pembeni yake. "Haya yamefukiwa pwani miezi, yamekunywa bahari. Ukipandia hili mwanangu ua lako litakauka na maji liko nayo."

Alikuwa na haki kabisa, maana makumbi ya kusukia kamba yanafukiwa kwenye matope ya pwani ili yalainike, na chumvi inaingia mpaka ndani, na hizi okidi chumvi ni adui yake mkubwa, mizizi inaungua ncha inakuwa nyeusi afu majani yanakauka kingo. Mimi nilikuwa nishapandia makumbi kama hayo nyumbani, ndo maana majani yangu yalikuwa yanakauka! Kwa hiyo chukua makumbi makavu ya mafuaji, ya nazi za kawaida za kupikia, waulize wanaofua nazi sokoni watakupa bure au kwa hela ndogo.

Yakate kwa panga vipande vidogo kama punje ya hindi mpaka kama ncha ya kidole, lile vumbi linalotoka usilitupe. Loweka kwenye ndoo usiku na mchana, maji yatakuwa rangi ya chai ya rangi, mwaga. Rudia mara tatu au nne, mpaka maji yawe mepesi. Mara ya mwisho chovya kidole uonje kwa ncha ya ulimi, ukisikia chumvi hata kwa mbali rudia tena. Mi hata makumbi ya mafuaji naosha hivyohivyo kwa sababu na yenyewe yana chumvichumvi zake. Mwisho yamwagie maji ya moto yanayochemka, funika mpaka yapoe, hiyo inaua mayai ya wadudu na vijikonokono.

Mkaa nao, zile chenga zinazobaki chini ya gunia, chekecha uondoe unga, osha mpaka maji yasiwe meusi. Kipimo changu kwa kutumia kopo moja la maziwa: vipande vya makumbi makopo mawili, vumbi la makumbi kopo moja, chenga za mkaa kopo moja, na nusu kopo ya mboji ya majani yaliyooza vizuri, iliyochekechwa. Ukishachanganya lowesha, kamata fumbato ukamue, yatoke matone mawili matatu tu na ukifungua mkono mchanganyiko uachane wenyewe. Ukibaki donge kama ugali umezidisha vumbi, ongeza vipande na mkaa.

Udongo wa bustani usiuweke hata kijiko.

Chungu na kupanda

Mizizi ya hii okidi haiendi chini sana, shina linalala na kutambaa kama ndizi nyembamba zilizounganishwa, kila linapogusa chini linatoa mzizi. Kwa hiyo chombo kiwe kipana, kifupi, kina cha sentimita 8 mpaka 10 kinatosha. Mi napenda vyungu vya udongo wa mfinyanzi kwa hapa Tanga, kwa sababu vinatoa jasho na vinapoza mizizi kama mtungi unavyopoza maji. Bakuli la plastiki linafaa pia ila toboa matundu mengi chini, sita au nane, kwa msumari wa moto.

Jaza mchanganyiko, lalaza shina juu, yaani juu kabisa, fukia nusu ya unene wake tu. Hili watu wanakosea sana, wanalisimamisha na kulizika kama mche wa nyanya, wiki mbili limeoza. Likiyumba libane kwa kijiti cha waya uliokunjwa kama pini ya nywele. Halafu weka kivulini, usimwagilie mpaka siku ya pili au ya tatu ili vidonda vya kupandikiza vikauke.

Dirisha lipi

Watu wa Ulaya wanasema dirisha la kaskazini halina jua. Kwao kweli. Hapa Tanga, kuanzia kama mwezi wa tatu mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi jua la mchana linaegemea upande wa kaskazini, miezi iliyobaki linaegemea kusini. Maana yake dirisha la kusini ambalo mwezi wa sita ni kivuli kizuri, Desemba jua linapiga ndani. Lazima uhamishe chungu mara mbili kwa mwaka, au uweke dirisha la mashariki lenye pazia jepesi, lipate lile jua la asubuhi bichi tu kupitia kitambaa. Dirisha la magharibi hapana, lile jua la saa tisa alasiri linachoma.

Kipimo hakihitaji mashine. Saa sita mchana weka mkono juu ya jani kama sentimita 30. Kivuli kikiwa kikali, vidole vinahesabika kingo wazi, mwanga ni mkali mno. Kikiwa laini, kinaonekana ila kingo zimefifia, hapo ndo penyewe. Usipoona kivuli kabisa ni giza, mmea utarefuka shina, majani madogo yaliyoachana mbali. Na mmea wenyewe utakwambia, mwanga ukizidi ile rangi ya zabibu inapauka inakuwa kahawia nyekundu kama nguo iliyoanikwa sana. Chumba kikiwa giza, taa nyeupe ya LED ya wati 9 juu yake sentimita 30 hivi, masaa 10 mpaka 12, inatosha kabisa.

Joto

Inapenda kati ya nyuzi 18 na 29. Kipupwe, mwezi wa sita mpaka wa nane, Tanga ni peponi kwake, na utaona inavyotoa majani. Kazi ni Januari mpaka Machi. Nyumba ya bati bila dari saa nane mchana juu kabatini ni tanuri, na hewa ya moto inapanda, kwa hiyo teremsha vyungu vyote sakafuni. Kwakweli hii ndo siri yangu kubwa na haina gharama, sakafu ya saruji karibu na mtungi wa maji, pembeni ya ukuta usiopigwa na jua. Feni izunguke polepole chumbani lakini isiupige uso kwa uso. Wenye kiyoyozi msiweke chini ya ule mdomo wake, hewa ile ni kavu, ncha za majani zinakauka kama karatasi.

Maji

Hapa ndo penye kufa na kupona. Usimwagilie kwa kalenda, eti kila Jumatano. Nyanyua chungu. Siku ukimwagilia kinyanyue usikie uzito, kila siku kinyanyue tena, baada ya wiki mbili mkono wako utajua wenyewe. Au ingiza kidole mpaka pingili ya kwanza, kukiwa na ubichi acha, kukiwa kumeanza kukauka mwagilia mpaka maji yatoke chini, afu mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kwangu masika naweza kukaa siku 8 bila kugusa, kaskazi ikivuma ni kila siku ya tatu au ya nne. Kwako inaweza kuwa tofauti, kutegemea chungu na chumba.

Asubuhi, sio usiku. Na usimwage juu ya majani, kwenye ile kona jani linaposhikana na shina maji yakilala na joto letu hili pameoza kesho yake.

Maji ya mvua ndo bora, ila ile mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati, kuna vumbi na mavi ya kunguru, kinga ya baadaye. Maji ya bomba yaweke kwenye ndoo wazi siku nzima. Maji ya kisima, visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, kama sabuni haitoi povu vizuri usimpe okidi.

Kuhusu unyevu wa hewani, Ludisia hapa Tanga haihitaji kunyunyiziwa. Ukiwa na Macodes tumia ndoo ya plastiki inayoona ndani au dumu la maji la lita 12 lililokatwa juu, chungu ndani, mdomo wazi nusu. Usifunge. Na wale wanaoweka sahani yenye kokoto na maji chini ya chungu, tafadhali badilisha maji na sugua sahani kila siku ya tatu, mbu wa dengi anataga kwenye maji kidogo ya ndani ya nyumba kama hayo.

Chakula

Kidogo sana. Mbolea ya maji ya 20-20-20 (yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa), chukua robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa wiki tatu mmea ukiwa unakua. Usimwage kwenye chungu kilichokauka, lowesha kwanza. Mara moja kwa mwezi pitisha maji matupu mengi kusafisha chumvi za mbolea. Samadi ya kuku hapana kabisa, itaunguza.

Wadudu na kuoza

Ukiona kitu kama pamba nyeupe kwenye kona za majani ni vidung'ata. Pamba ya masikioni ichovye kwenye spiriti, wafute mmoja mmoja, rudia kila baada ya siku tano mara tatu nne. Na angalia sisimizi, kwa sababu wao ndo wanawalinda vidung'ata wapate ule utomvu mtamu, usipokata njia ya sisimizi utafuta mpaka uchoke. Mi naweka miguu ya stuli kwenye vikopo vyenye maji na tone la sabuni, hivyo navyo nabadilisha maji yake. Usiku pita na tochi, konokono wadogo wanapenda hili jani kuliko sisi.

Shina likiwa laini na kahawia usingoje kesho. Wembe mpya, upitishe kwenye spiriti, kata juu ya palipooza, utazame kidonda. Katikati kukiwa na doa la kahawia hata dogo kama kichwa cha pini, kata tena juu, tena, mpaka nyama iwe safi kijani cheupe mwote. Paka unga wa mdalasini kwenye kidonda tu, mdalasini wa Muheza na Amani tunao, unakausha na unazuia fangasi, usipake kwenye mizizi maana na yenyewe itakauka.

Kuzidisha

Hii ndo raha. Chukua shina lenye mafundo matatu au manne, fundo ni lile duara jani linapotokea. Kata, paka mdalasini, liache kivulini mpaka kesho kidonda kifunge. Lilalaze juu ya mchanganyiko wenye ubichi mdogo, mafundo mawili yaguse. Wiki tatu mpaka sita utaona kitu cheupe chenye manyoya laini kimetoka kwenye fundo, ndo mzizi huo, usiuguse. Hata kile kipande cha nyuma kisicho na jani usitupe, kilaze hivyohivyo, baada ya mwezi na zaidi kinachomoza kichipukizi chekundu, kidogo kama punje ya choroko. Kile kipande changu cha kidole kilikaa siku arobaini na kitu bila dalili yoyote, kila asubuhi namulika tochi, mpaka asubuhi moja nikakuta nukta.

Na sisi watu wa Tanga tuna deni la kujua kutunza maua ya ndani. Ile violeti ya Afrika, Saintpaulia, iliyojaa madirishani Ulaya na Marekani, ilitoka huku kwetu, mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa hapa, Walter von Saint Paul-Illaire, ndo aliyepeleka kwao, mwaka uliofuata Hermann Wendland akaipa hilo jina la kitaalamu. Wao walichukua ua la kivuli cha misitu yetu wakajifunza kuliweka hai kwenye baridi yao. Sisi la Asia kuliweka hai kwenye joto letu tunashindwaje?

Likichanua

Baada ya mwaka au zaidi, shina lililokomaa linatoa mkia mrefu katikati ya majani, vimaua vidogo vyeupe vyenye kitovu cha njano, vimepinda pembeni kama vimesinzia. Vinakaa wiki kadhaa. Wakati huo usihamishe chungu wala usibadilishe mchanganyiko. Maua yakinyauka kata ule mkia chini kabisa, lile shina lililochanua halitaendelea mbele, litatoa machipukizi pembeni, mawili au matatu. Yaache mpaka kila moja liwe na majani manne ndo ulitenganishe, na la kwanza mpe jirani, maana siku chungu chako kikioza chote utarudi kwake kuomba kipande.